Khalifa wawili, Ali wawili: ni yupi unayemtafuta kati ya masultani wa Zanzibar?

Nilipata kuletewa hati ya shamba la mikarafuu la Pemba, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na aliyeileta alitaka kujua jambo moja tu: Seyyid Khalifa anayetajwa ndani yake ni yupi? Katika familia yao ilikuwa ikisemwa tangu zamani kwamba shamba lile lilinunuliwa zama za Seyyid Khalifa, kabla Waingereza hawajaingia. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, na pale mikunjo ilipokutana mdudu alikuwa ametoboa tarakimu moja ya mwaka, ikabaki kumi na tatu upande mmoja na saba upande wa pili. Kama tarakimu iliyoliwa ilikuwa sifuri, basi mwaka ni 1307 wa Hijria na maneno ya familia yalikuwa ya kweli. Kama ilikuwa tatu, mwaka ni 1337, na Waingereza walikuwa wameshakaa Unguja karibu miaka thelathini.

Swali hilo si la familia moja. Ukoo wa Al Busaid ulitoa Khalifa wawili na Ali wawili waliokalia kiti cha Zanzibar, wote wanne kati ya mwaka 1888 na 1960, na katika mazungumzo ya watu, katika maandishi ya wageni, hata katika maelezo yanayobandikwa chini ya picha, jina la baba mara nyingi huachwa. Mwanafunzi anayetafuta mtu wa kumwandikia insha, mwongozaji wa wageni anayesimama mbele ya picha ukutani, na mtu anayepanga karatasi za marehemu babu yake, wote hujikuta wakichagua kati ya masomo wawili bila kujua kwamba wanachagua. Nimewaandikia hao, na pale ninapoona kwamba mmoja anafaa kuliko mwenzake nitasema.

Nasaba, na mtego uliomo

Khalifa bin Said na Ali bin Said walikuwa ndugu, watoto wa Seyyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati na kufariki mwaka 1856. Baada yake walitawala wanawe wanne, mmoja baada ya mwingine: Majid, Barghash, Khalifa, kisha Ali. Wawili wa baadaye ni vitukuu wa Seyyid Said kwa njia mbili tofauti: Ali bin Hamud alipitia kwa Muhammad bin Said, na Khalifa bin Harub, aliyezaliwa Maskati mwaka 1879, alipitia kwa Thuwaini bin Said. Kila mmoja wao, kwa hiyo, ni mjukuu wa ndugu wa somo yake.

Mtego uko katika mpangilio wao. Mwaka 1890 Khalifa alifariki akarithiwa na Ali, nduguye. Mwaka 1911 Ali alijiuzulu akarithiwa na Khalifa, shemeji yake, kwa kuwa Khalifa bin Harub alikuwa amemwoa Seyyida Matuka bint Hamud, dada yake Ali. Mtu akikwambia kwamba Khalifa alitawala kabla ya Ali amesema kweli, na akikwambia kwamba Ali alitawala kabla ya Khalifa amesema kweli vilevile. Ndiyo maana ushahidi wa mzee anayekumbuka kwamba "alianza huyu, akaja yule" hautoshi peke yake kumtambulisha mtu.

Khalifa bin Said na Khalifa bin Harub

Tofauti iliyo wazi kuliko zote ni muda. Khalifa bin Said alishika kiti Machi 1888, Barghash alipofariki, na akafa tarehe 13 Februari 1890. Hakutimiza hata miaka miwili. Khalifa bin Harub alishika kiti tarehe 9 Desemba 1911 na kufa tarehe 9 Oktoba 1960, karibu miaka arobaini na tisa. Kwa sababu hiyo peke yake, mzee wa Unguja, Mombasa au Lamu anaposema "Seyyid Khalifa" bila kuongeza neno, takriban wakati wote anamkusudia wa pili, kwa kuwa ndiye aliyekuwako walipozaliwa yeye, baba yake na pengine babu yake.

Lakini urefu wa utawala si kipimo cha uzito wake, na ningeomba Khalifa wa kwanza asipitwe haraka. Tarehe 28 Aprili 1888, kabla hajamaliza miezi miwili kitini, alitia saini mkataba ulioikabidhi kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa pwani ya Mrima, kutoka mto Umba hadi mto Ruvuma, kwa miaka 50. Oktoba mwaka huohuo aliikabidhi kampuni ya Kiingereza pwani iliyo kaskazini ya Umba, Mombasa ikiwemo. Wanaomlaumu husema kwamba aliigawa pwani katika mwaka mmoja. Lawama hiyo naiona nusu yake ni ya haki na nusu si ya haki, kwa kuwa mazungumzo na kampuni zote mbili yalikuwa yameanza zama za Barghash, na Khalifa alirithi meza ambayo karatasi zilikuwa zimekwisha tandikwa juu yake.

Yaliyofuata Pangani yanaonyesha vizuri jinsi saini ile ilivyoeleweka huku chini. Agosti 1888 mjumbe wa kampuni aliyeitwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alifika na kutaka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali alisita, kwa kuwa bendera iliyojulikana pale ilikuwa ile nyekundu ya Sultani. Askari walishushwa pwani, wakapekua mji, wakaingia msikitini na mbwa. Mji ukachafuka, na ghasia zikaenea pwani nzima, Abushiri bin Salim al-Harthi akiongoza Pangani na Bwana Heri akiongoza Saadani. Khalifa alimtuma Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi lake, aende kutuliza mambo, naye akalazimika kurudi Unguja bila kutuliza kitu, kwa kuwa watu wa Mrima wakati huo hawakumwamini tena Sultani kama wasivyowaamini Wajerumani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na miezi miwili baadaye Khalifa mwenyewe akafariki. Nyundo naye aliuawa Lugalo mwaka 1891 katika vita na Wahehe, lakini hayo ni ya kisa kingine.

Khalifa wa pili hakupatwa na mwaka mmoja wa namna ile. Utawala wake una matukio mengi yaliyotawanyika: manowari ya Kiingereza Pegasus iliyozamishwa na manowari ya Kijerumani Königsberg bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914; Baraza la Kutunga Sheria lililoundwa mwaka 1926; jumba la makumbusho la Beit al-Amani lililofunguliwa mwaka 1925; mgogoro wa karafuu wa 1937 na 1938, wafanyabiashara wa Kihindi walipoigomea biashara hiyo; mgomo wa wafanyakazi wa mwaka 1948; na uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957. Katika mengi ya hayo Sultani hakuwa mwamuzi. Tangu mwaka 1913 Zanzibar ilikuwa chini ya Wizara ya Makoloni ya Uingereza, na maamuzi yalikuwa ya Balozi Mkazi wa Kiingereza. Hapo ndipo mwanafunzi anapokwama: akimchagua Khalifa bin Harub akidhani anaandika habari za mtawala, hujikuta anaandika habari za nchi nzima kwa nusu karne, na Sultani anaonekana kama picha iliyotundikwa juu ya mlango huku watu wakipita chini yake.

Kwa upande wa pwani ya Kenya, Khalifa wote wawili wana haki ya kutajwa, ila kwa sababu tofauti, na wengi huzichanganya. Wa kwanza ndiye aliyetia saini karatasi ya 1888. Wa pili ndiye ambaye bendera yake ilipepea Fort Jesus miaka yote ambayo ukanda wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani chini ya usimamizi wa Waingereza. Anayeuliza ni nani aliyeitoa Mombasa anamwuliza bin Said. Anayeuliza ni kwa jina la nani makadhi na maliwali wa Mombasa walifanya kazi katika miaka ya 1930 anamwuliza bin Harub.

Ali bin Said na Ali bin Hamud

Hawa ni vigumu zaidi kuwatenganisha, kwa kuwa wote wawili jina lao limo katika historia ya kuondolewa kwa utumwa, na nimewahi mimi mwenyewe, katika mazungumzo mbele ya wanafunzi, kumpa mmoja amri ya mwenzake.

Ali bin Said alitawala kuanzia Februari 1890 hadi tarehe 5 Machi 1893. Amri yake ya tarehe 1 Agosti 1890 ilikataza kununua, kuuza na kubadilishana watumwa, ikafunga nyumba za madalali wao, na ikampa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha zake. Haki hiyo ya mwisho haikudumu hata mwezi. Mabwana walilalamika, na kabla Agosti haijaisha likatoka tangazo la pili kwamba mtumwa akipeleka fedha kwa kadhi, bwana wake halazimishwi kuzipokea. Utumwa wenyewe ulibaki. Kilichokatazwa ni biashara yake. Hali ya utumwa kutambuliwa kisheria iliondolewa mwaka 1897, na aliyefanya hivyo hakuwa Ali yeyote, bali Hamud bin Muhammad.

Ali bin Hamud, mwana wa huyo Hamud, ndiye aliyekuwa kitini mwaka 1909 ilipotoka sheria iliyokamilisha ile ya baba yake. Sheria ya 1897 ilikuwa imewaacha masuria katika hali yao. Ya 1909 iliwaingiza nao, na ikaweka mwisho wa muda wa kudai fidia. Kwa hiyo ukikuta sentensi inayosema kwamba "Sultani Ali alipiga marufuku utumwa", usiulize kwanza ni Ali yupi. Uliza ni kitu gani hasa kilichopigwa marufuku: kama ni kuuza na kununua, ni bin Said, kama ni usuria na fidia, ni bin Hamud, kama ni hali ya utumwa yenyewe, mwandishi amekosea jina kabisa.

Wakati wa Ali wa kwanza ndipo Zanzibar ilipokuwa nchi lindwa. Yeye alikubali ulinzi wa Uingereza Juni 1890. Wajerumani waliukubali katika mkataba wa tarehe 1 Julai, ule uliowapa wao kisiwa cha Heligoland. Na ulinzi ukatangazwa rasmi tarehe 4 Novemba. Pwani ambayo Khalifa aliikodisha kwa miaka 50 ikauzwa moja kwa moja kwa Wajerumani kwa marki milioni 4. Mwaka uliofuata fedha za serikali zilitenganishwa na fedha za Sultani, naye akawa mtu wa kupokea posho, huku Lloyd Mathews yuleyule wa Pangani akifanywa Waziri wa Kwanza. Aliyeingia kitini akiwa mtawala alifariki akiwa mwenye cheo.

Ali wa pili hakuwahi kuonja hata huo mwanzo. Alizaliwa mwaka 1884, akasomeshwa Harrow, Uingereza, na baba yake alipofariki Julai 1902 alikuwa na miaka kumi na minane, hivyo Waziri wa Kwanza, A. S. Rogers, akashika madaraka kwa niaba yake hadi alipotimiza ishirini na mmoja mwaka 1905. Zama zake reli ya Bububu ilijengwa na Wamarekani, na noti za kwanza za Zanzibar zilitolewa mwaka 1908. Mwaka 1911 alisafiri kwenda kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano na hakurudi tena. Alijiuzulu akiwa Ulaya, akaishi Paris, akafariki huko Desemba 1918.

Alama zinazoamua

Kwa mwenye karatasi mkononi, mwaka wa Hijria ni shahidi wa kwanza. Khalifa bin Said alitawala kuanzia 1305 hadi 1307, na Ali bin Said kuanzia 1307 hadi 1310. Ali bin Hamud alianza 1320 akaishia 1329, na Khalifa bin Harub akaendelea kutoka 1329 hadi 1380. Miaka miwili tu ina mashaka, 1307 na 1329, kwa kuwa kila mmoja una Khalifa na Ali ndani yake. Lakini hata hiyo haiwezi kukuchanganyia Khalifa na Khalifa, wala Ali na Ali.

Mwaka ukiwa umefutika, tazama fedha. Rupia ilitumika katika tawala zote nne, kwa hiyo haikusaidii sana. Shilingi, kinyume chake, zilianza kutumika Zanzibar mwaka 1936, na hati inayohesabu bei kwa shilingi haiwezi kuwa ya mwingine ila Khalifa bin Harub. Kisha tazama stempu. Zanzibar haikuwa na stempu zake kabla ya mwaka 1895, na sura ya sultani ilianza kuonekana juu yake mwaka 1896, Hamad bin Thuwaini akiwa wa kwanza, kwa hiyo Khalifa bin Said na Ali bin Said hawamo katika stempu za zama zao. Ali bin Hamud ana aina mbili: mwaka 1904 jina lake lilifumwa kama nakshi ya herufi bila sura, na kuanzia 1908 ikawekwa sura yake. Khalifa bin Harub anaonekana kuanzia 1913 akiwa mtu wa makamo, na katika toleo la 1952 akiwa mzee mwenye ndevu nyeupe.

Stempu ndiyo iliyoamua ile hati ya Pemba. Bei ya shamba ilikuwa kwa rupia, jambo lililoondoa miaka yote ya baada ya 1936 na kuiacha 1307 bado ina nguvu. Lakini pembeni, chini ya majina ya mashahidi, palikuwa na stempu iliyofifia, nusu yake imechanika, na katika nusu iliyobaki kilemba na jicho moja vilionekana vizuri. Sura ya sultani juu ya stempu mwaka 1307, ambao ulianza Agosti 1889 ya Miladi, isingewezekana. Mwenye hati hakufurahi. Nilimweleza kwamba tumepata Khalifa na si mwaka, kwa kuwa 1347 nayo ni ya rupia na ya bin Harub, na akaniuliza kama nina uhakika kwamba stempu haikubandikwa baadaye. Ni swali zuri, na jibu lake lilikuwa kwamba wino wa sahihi ya shahidi wa pili ulipita juu ya ukingo wa stempu.

Kumchagua mmoja

Kwa insha ya shule ya sekondari ningemchagua Khalifa bin Said bila kusita. Miezi yake ishirini na mitatu ina mwanzo, katikati na mwisho. Ina mkataba, ghasia na kifo. Na inamlazimu mwanafunzi kutazama pande zote mbili za bahari, Unguja na Mrima, jambo ambalo vitabu vingi hulitenganisha. Ubaya wake ni kwamba katika maandishi ya Wazungu huonekana mara nyingi akiwa mtu dhaifu aliyesukumwa huku na kule, na mwanafunzi asiyekuwa mwangalifu huimeza hukumu hiyo pamoja na tarehe.

Anayetaka kufundisha jinsi nchi inavyopoteza mamlaka yake kwa hatua ndogondogo, amchukue Ali bin Said. Sijaona mfano ulio wazi kuliko ule wa 1890 na 1891, na tangazo lile la pili la Agosti linatosha kwa kipindi kizima cha darasa. Khalifa bin Harub awaachiwe wenye muda, hasa wale ambao bado wana wazee wa kuwahoji, kwa sababu mambo yake mengi yamo vichwani mwa watu kuliko yalivyo katika majalada, na kila mwaka vichwa hivyo vinapungua. Ali bin Hamud ninamwona kuwa chaguo gumu kwa mwandishi wa Kiswahili: sehemu kubwa ya maisha yake ilipita Ulaya, na anayemfuata atalazimika kusoma Kiingereza na Kifaransa kuliko Kiarabu na Kiswahili.

Mwongozaji wa wageni hana haja ya kuchagua ila ana haja ya kutaja jina la baba, na akitaja, aongeze tahadhari moja. Kuna Khalid karibu na hawa Khalifa: Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani Agosti 1896 na kung'olewa kwa mizinga ya Waingereza siku mbili baadaye, katika vita visivyofika saa moja. Wageni huja wakiwa wameshasikia habari za vita hivyo, na wanapoonyeshwa picha ya Khalifa huuliza kama ndiye yule aliyepigwa mizinga. Siye. Yule alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akakamatwa na Waingereza miaka ishirini baadaye, akapelekwa uhamishoni, na hatimaye akaruhusiwa kurudi Mombasa, alikofariki mwaka 1927, katika mji ambao bendera iliyopepea juu ya ngome yake ilikuwa ya Khalifa bin Harub.